Fuata Jerikeni Kwanza: Kubuni Maji Safi Pamoja na Wakazi wa Mabondeni Kampala

Saa kumi na moja alfajiri, vijia vyote vya Namuwongo vinavyoshuka kuelekea mfereji wa Nakivubo vina sauti moja: plastiki tupu zikigongana. Watoto wa shule, akina mama, vijana wa baiskeli, kila mmoja na jerikeni zake za manjano. Unayetaka kuleta maji safi katika mtaa kama huu, anzia hapo, nyuma ya jerikeni moja, na usiiache mpaka maji yake yameingia kwenye kikombe.

Nimeandika mwongozo huu kwa vijana wa vikundi vya mtaa, wahandisi waliotoka chuoni juzi, na wafanyakazi wa mashirika wanaotumwa Bwaise, Katwe au Kisenyi na bajeti mkononi. Ninaamini jambo moja kuhusu kazi hii. Mkazi anayebeba maji kila siku tayari amekwisha kuchora nusu ya suluhisho kwa miguu yake. Kazi yetu ni kumletea vipimo, bei na sheria ili amalizie nusu iliyobaki.

Hatua ya 1: Bisha hodi, kisha rudi kwa saa nyingine

Nenda kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), anayeitwa ssentebe, kabla ya kumpiga mtu yeyote picha. Mwambie unatoka wapi na useme waziwazi kama una fedha au huna. Watafute pia wahudumu wa afya wa kijiji, VHT, kwa kuwa wao ndio wanaojua nyumba zipi watoto wanahara kila mvua inaponyesha.

Ukiitisha mkutano saa nne asubuhi, watakuja wenye nyumba na wazee. Wapangaji wa mizigo, vile vyumba vya mstari vya mlango mmoja mmoja, watakuwa wamekwenda viwandani, sokoni na kufua kwenye nyumba za watu. Wao ndio wengi, na wao ndio wanaonunua maji kwa jerikeni. Rudi saa mbili usiku, au Jumapili mchana. Kaa na akina mama siku yao ya nigiina, yaani mchango wao wa zamu, wakiwa wamekwisha kuchangishana na wanapumzika. Uzungumze na wapangaji mbali na wenye nyumba, maana mpangaji hawezi kulalamikia bei ya maji mbele ya mtu anayeweza kumtoa chumbani mwisho wa mwezi.

Wachuuzi wa maji wamo pia. Kijana wa baiskeli na mama anayeuza kutoka bomba la uani kwake wanajua bomba lipi hukauka siku gani, na mteja gani hukopa. Mradi unaowaondolea riziki bila kuwatafutia nafasi ndani yake hujitafutia maadui wanaojua kila kiungo cha bomba. Waalike mapema, na uwaambie tangu mwanzo kwamba mtu wa kutunza bomba jipya atahitajika.

Lugha nayo ni sehemu ya mwaliko. Luganda kitakufikisha kwa wengi, lakini Mkongomani wa Katwe na mama aliyetoka kaskazini mara nyingi watakuelewa vizuri zaidi kwa Kiswahili. Uliza mwanzoni nani anahitaji kutafsiriwa.

Hatua ya 2: Fuata jerikeni siku nzima

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, nami ndiyo ninayoililia zaidi. Omba ruhusa kwa kaya nane au kumi zinazotofautiana: mwenye nyumba, mpangaji, bibi anayelea wajukuu, kijana anayeishi peke yake, mama mwenye mkahawa, mtu mwenye ulemavu. Kila kaya uifuate siku moja, tangu jerikeni ya kwanza hadi ya mwisho. Ibebe mwenyewe angalau mara moja. Lita 20 za maji ni kilo 20, na ukizipandisha ngazi za udongo zilizolowa utaelewa kwa nini watu huchagua chanzo cha karibu hata wakijua si kisafi.

Andika chanzo, saa ya kwenda, muda wa foleni, bei, na nani amebeba. Kisha uendelee mahali ambapo wengi huachia. Jerikeni ilisuuzwa kwa kitu gani? Kifuniko kipo, au ni kipande cha kaveera, mfuko wa plastiki? Maji yalimiminwa kwenye nini, na yalichotwa kwa kikombe cha nani? Utakuta kwamba nyumba moja ina maji ya aina mbili au tatu kwa siku moja: ya chemchemi kwa kufulia na kuoshea, ya bomba kwa kupikia na kunywa, na ya mvua kwa chochote mvua inaponyesha. Watu wameshapanga maji yao kwa matumizi na kwa mfuko. Anayekuja na wazo kwamba maji yote yawe ya kiwango cha kunywa huwa anawatoza watu gharama ambayo wao wenyewe walikwisha kuiepuka kwa akili.

Jioni, kaeni mpige hesabu pamoja. Tuseme kaya inatumia jerikeni 6 kwa siku na inanunua kwa shilingi 200. Hiyo ni shilingi 1,200 kwa siku, 36,000 kwa mwezi. Mita moja ya ujazo ni jerikeni 50, kwa hiyo kaya hiyo inalipa shilingi 10,000 kwa mita ya ujazo. Shirika la Taifa la Maji na Majitaka (NWSC) limekuwa likitangaza shilingi 25 kwa jerikeni kwenye bomba la umma. Kwa bei hiyo, jerikeni zilezile 6 zingekuwa shilingi 4,500 kwa mwezi. Nimeona watu wakinyamaza kimya hesabu hii inapoandikwa ukutani kwa chaki. Usiharakishe kuuvunja ukimya huo. Kinachofuata huwa ni swali lao: pesa iliyobaki inaenda wapi? Sehemu yake ni faida ya muuzaji, sehemu ni kazi ya kubeba, sehemu ni deni la bili ya zamani, na sehemu ni adha ya maji kukatika. Ukizijua sehemu hizo umepata mahali pa kushika.

Hatua ya 3: Chora ramani chini, pamoja na vyoo

Tafuta uwanja mdogo, chukueni majivu, mawe na vifuniko vya soda. Wakazi wachore njia, mabomba, chemchemi, mitaro, vyoo na mahali kasasiro, yaani takataka, inapotupwa. Kisha uliza swali la pili: maji ya mafuriko hufika wapi? Kampala ina misimu miwili ya mvua, ya Machi hadi Mei na ya Septemba hadi Novemba au zaidi kidogo, na watu wa Bwaise kando ya mfereji wa Lubigi watakuonyesha ukutani alama ambayo maji yalifika.

Vyoo lazima viwe kwenye ramani kwa sababu ya maji ya chini. Mabondeni maji hayako mbali na uso wa ardhi, ndiyo maana vyoo vingi vimejengwa juu kwa ngazi badala ya kuchimbwa kwenda chini. Maji ya chemchemi yametoka ardhini humohumo. Chemchemi iliyojengewa ukuta wa zege na bomba la chuma huonekana salama, tena ni baridi na haina gharama, lakini zege halizuii kinachopita ardhini nyuma yake. Vipimo vilivyofanywa kwa miaka mingi kwenye chemchemi za Kampala vimekuta mara kwa mara vijidudu vya kinyesi, na huzidi baada ya mvua kunyesha.

Pita kwenye kila chanzo na karatasi ya ukaguzi, wakazi wakijibu ndiyo au hapana. Je, kuna choo upande wa juu? Mfereji wa kukinga maji ya mvua upo na uko wazi? Uzio upo? Zege limepasuka? Maji yaliyomwagika yanatuama? Wacheni vijana wa mtaa waishike karatasi. Watairudia ukishaondoka.

Hatua ya 4: Pimeni maji mbele ya macho yao

Vichupa vya kupimia kinyesi kwa gesi ya salfa si ghali. Maji yakiwa na vijidudu vya kinyesi vinavyotoa gesi hiyo, kichupa hugeuka cheusi baada ya siku moja au mbili kikikaa mahali penye joto la chumba. Hakitakueleza kila kitu, na hakichukui nafasi ya maabara, lakini mtu asiyejua kusoma anaelewa weusi. Kwa maji ya bomba ongeza kipimo cha klorini, ambacho hugeuka waridi klorini ikiwapo.

Chukua maji sehemu tatu: kwenye chanzo, ndani ya jerikeni ikifika nyumbani, na kwenye chombo cha kunywea. Safari hii ndiyo fundisho lenyewe. Mara nyingi maji ya bomba hutoka safi na kichupa cha chombo cha kunywea kinageuka cheusi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni kutokuwepo hata kijidudu kimoja cha E. koli, kijidudu cha kinyesi, katika mililita 100, na chombo kimoja cha kuchotea kwa mkono chatosha kuvunja kiwango hicho.

Kabla ya kupima, kubalianeni mambo mawili. Kwanza, vichupa viandikwe namba, si majina, ili nyumba ya mtu isiaibishwe. Pili, matokeo mabaya yakija nini kitafanyika siku hiyohiyo. Kumwonyesha mama kichupa cheusi kisha ukaondoka na gari ni ukatili. Uwe na klorini mkononi, na umwoneshe kipimo chake kwa jerikeni yake.

Mwaka 2015 Kampala ilikumbwa na mlipuko mkubwa wa homa ya matumbo, na uchunguzi ulielekeza kidole kwenye maji machafu na vinywaji vilivyotengenezwa kwayo. Wengi mtaani wanaukumbuka. Waulize, kwa kuwa kumbukumbu yao itaufikisha ujumbe mbali kuliko bango lako.

Hatua ya 5: Wekeni njia zote mezani, na mjenge kwa mbao kwanza

Sasa ndipo vifaa vinapoingia. Katika mabonde ya Kampala njia za kuchagua huwa nne au tano, na karibu kila mtaa huhitaji mchanganyiko.

Bomba la umma la mtandao wa NWSC ndilo hutoa maji yaliyosafishwa. Yanatoka Ziwa Viktoria kupitia mitambo ya Ggaba na, miaka ya karibuni, Katosi. Wakazi wa Namuwongo wanapaswa kujua kwamba mfereji wa Nakivubo unaopita ubavuni mwao unamwaga kwenye ghuba ileile ya Murchison ambako Ggaba huvuta maji. Usafi wa mfereji na usafi wa bomba ni habari moja. Bomba la tokeni, lile la kulipia kabla, humwondolea mtunzaji mzigo wa bili na humpa mchotaji bei rasmi saa yoyote. Udhaifu wake ni tokeni inayopotea na mashine inayoharibika wakati fundi hayupo. Ulizeni mapema fundi anatoka wapi na huchukua siku ngapi.

Angalieni mipira na mabomba membamba yanayopita ndani ya mitaro. Maji yakikatika, msukumo unashuka, na maji machafu ya mtaro huingia kupitia nyufa. Mchoro wowote mtakaokubali utoe mabomba mtaroni: yapite juu kwenye ukuta, au yavushwe ndani ya bomba la chuma.

Maji ya mvua husaidia kuliko wengi wanavyodhani. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mabati la mita za mraba 20 na mvua ya milimita 10 ni lita 200; toa kinachopotea, bado una karibu jerikeni 8. Maji ya dakika za kwanza yamwagwe, maana yameosha vumbi na kinyesi cha ndege. Kikwazo ni nafasi ya tangi.

Chemchemi isifungwe hata kama imechafuka, isipokuwa watu wamepata mbadala wanaoweza kuulipia. Itengenezeni: mfereji wa kukinga maji upande wa juu, uzio, udongo wa mfinyanzi juu ya sanduku la mawe, njia ya maji yaliyomwagika. Kisha kubalianeni kuwa ni ya kufulia, na atakayeinywa aitibu.

Kutibu nyumbani ni ngao ya mwisho, na kila njia ina gharama yake. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini kunakula makaa ya sigiri. Klorini ni rahisi ila wengi hulalamikia harufu; maji yakae dakika 30 baada ya kuiweka. Kichujio cha udongo wa mfinyanzi hakina harufu na maji hutoka baridi, ila kikipasuka hakichuji tena. Chupa ya plastiki angavu isiyozidi lita 2 ikiwekwa juani saa 6 huua vijidudu. Kukiwa na mawingu mazito itahitaji siku 2. Maji yenye tope yachujwe kwa kitambaa kwanza, vyovyote mtakavyochagua. Chombo cha kuhifadhia kiwe na mdomo mwembamba au koki chini, mkono usiingie. Acheni kaya chache zijaribu kila njia wiki mbili kisha zije kusimulia.

Kwa kilula chenyewe, yaani kituo cha kuchotea maji, jengeni mfano wa ukubwa kamili kwa mbao na jerikeni tupu, siku moja tu. Mtoto wa miaka kumi aje anyanyue. Mama mjamzito aje. Mwenye gongo aje. Utaona papo hapo kama koki iko juu mno, kama hakuna kibaraza cha urefu wa kiuno cha kuweka jerikeni kabla ya kuitwika kichwani, kama maji yaliyomwagika yanaelekea mlangoni kwa jirani. Kuhamisha ubao hakugharimu kitu.

Halafu hesabuni koki. Koki inayotoa lita 7.5 kwa dakika hujaza jerikeni kwa dakika 2 na sekunde 40. Ongeza kubadilishana zamu, ni jerikeni 20 kwa saa. Kaya 60 zikitaka jerikeni 3 kila moja kati ya saa kumi na moja na saa moja asubuhi, hizo ni jerikeni 180, na koki moja itakuwa imetoa 40. Mnahitaji koki tano, au tangi lililojazwa usiku. Jedwali la viwango vya dharura linasema watu 250 kwa koki. Foleni ya asubuhi ya mtaa wenu ndiyo iwape jibu.

Hatua ya 6: Ardhi kabla ya saruji

Ardhi nyingi ya Kampala ni mailo, yaani ardhi yenye hati ya kudumu ya mtu binafsi. Mwenye hati anaweza kuwa mbali, mwenye kibanja, yaani haki ya kukaa juu ya ardhi hiyo, akawa ndiye anayeishi pale, na mpangaji akawa chini ya wote. Ruhusa ya mmoja si ruhusa ya wengine. Maeneo mengine yako kwenye hifadhi ya reli au kwenye ardhi oevu, na hapo ujenzi wa kudumu una masharti yake.

Niliwahi kushiriki kujenga bomba la umma kwa ruhusa ya mdomo ya mwenye kibanja, mzee mwema aliyetupa eneo bure. Alipofariki, warithi walizungushia ukuta na bomba likabaki ndani. Mitaa miwili ilirudi chemchemini. Tangu siku hiyo siweki hata tofali moja bila karatasi: ukubwa wa eneo, njia ya kufikia, muda, kwamba warithi na mnunuzi wamefungwa nayo, sahihi za mwenye hati akipatikana, mwenye kibanja, mkewe au mumewe, mashahidi, na mhuri wa LC1. Nakala nne. Moja ibaki kwa kamati.

Hatua ya 7: Bei, mtunzaji, na ubao

Bei ipangwe na wachotaji baada ya kuona hesabu yote: bili, malipo ya mtunzaji, akiba ya koki na mita. Andikeni kwenye ubao wa ukutani, kila wiki: jerikeni zilizouzwa, pesa iliyoingia, bili, kilichobaki. Ubao huo huzuia wizi kuliko kamati ya watu kumi. Pale wakazi wameshazoea kujihesabu na kuweka akiba, kama wanavyofanya wanachama wa Shirikisho la Taifa la Wakazi wa Makazi Duni la Uganda, kazi hii haichukui muda kuota mizizi.

Mtunzaji alipwe. Kujitolea hudumu miezi michache, kisha bei hupanda kimyakimya. Mchague, ikiwezekana, miongoni mwa wale wachuuzi wa hatua ya kwanza, na kanuni ya wasio na uwezo iandikwe: bibi yule na mgonjwa yule, jerikeni mbili kwa siku, kamati inalipa. Isiachwe kwa huruma ya mtu mmoja.

Deni la bili ndilo huua mabomba ya umma ya kulipia baadaye. Mwezi mmoja ukirukwa, mita hukatwa, na mtaa mzima unarudi kwenye shilingi 200. Akiba ya miezi miwili iwe kwenye akaunti yenye watia sahihi watatu, angalau mmoja akiwa mpangaji.

Hatua ya 8: Anza na moja, ungoje mvua

Jengeni kilula kimoja na kitumike msimu mmoja wa mvua kabla ya kujenga cha pili. Mafuriko yataonyesha kosa ambalo hakuna mkutano ungelitaja. Fuateni jerikeni tena, zile kaya nane au kumi za mwanzo: mwezi wa kwanza, wa tatu, wa kumi na mbili. Bei gani sasa? Nani anabeba? Kichupa cha chombo cha kunywea kina rangi gani? Ikiwa bomba linatoa maji safi na kichupa bado ni cheusi, fedha iliyobaki iende kwenye vyombo vya kuhifadhia, siyo kwenye bomba jingine.

Siku ya kukabidhi, kabla ya hotuba, hakikisheni haya yapo: koki mbili za akiba na spana ndani ya sanduku, ufunguo wa sanduku kwa mtunzaji na mwingine kwa mpangaji mmoja wa kamati, namba ya simu ya fundi imepakwa rangi ukutani, na karatasi ya ardhi kwenye nyumba isiyofikiwa na mafuriko. Kisha mwacheni mtoto aliyejaribu kibaraza cha mbao awe wa kwanza kuchota.